Mashine Iliyomwogopa Mjomba

Bi Tochi hakuitazama mashine kwanza. Aliutazama ukuta.

Ulikuwa ukuta wa mbao, na kila kifaa cha karakana kilining'inia juu yake kwenye msumari wake. Misumeno mitano, mkubwa hadi mdogo. Randa. Patasi kumi na moja. Klampu za chuma, zile zenye umbo la pembe na parafujo ya kukazia, safu nzima. Kuzunguka kila kifaa mtu alikuwa amechora mstari wa penseli, kwa mkono usiotetemeka, hata ukikiondoa, umbo lake linabaki pale likikisubiri. Umbo moja tu lilikuwa tupu, la nyundo, na nyundo yenyewe ilikuwa mkononi mwa Mama Mkubwa aliyesimama mlangoni.

"Umetoka kupigilia nini?" Bi Tochi akamuuliza.

"Komeo jipya. Halifunguki kwa ufunguo wa zamani."

"Ufunguo wa zamani anao nani?"

"Mdogo wangu." Mama Mkubwa alijibu bila kupepesa. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini, mkubwa wa ukoo huo, na karakana hiyo ilijengwa na baba yake. "Saa kumi tunakaa kikao. Wanasema anaichezea mashine ya mpwa wake makusudi. Ikithibitika, hakanyagi tena hapa, na ameshinda humu ndani miaka thelathini na minne. Nimekuita uangalie kabla midomo haijafunguka. Mashine siijui. Mdogo wangu namjua, lakini sitaki kumbakisha kwa sababu namjua."

Bi Tochi aliangalia saa yake. Saa saba na nusu mchana. Alikagua ajali za mashine viwandani kwa miaka ishirini na sita kabla hajastaafu: vinu vya unga, viwanda vya sabuni, mahali popote chuma kilipokula kidole. Jina la Tochi lilitokana na tochi ndogo aliyoiwasha hata jua likiwa utosini. Aliichomoa sasa mfukoni.

"Muda unatosha," alisema. "Na chai itabaki."

Mashine ilikaa katikati ya chumba juu ya miguu minne ya chuma, ukubwa wa kitanda cha mtoto, rangi ya kijani mpya kabisa. Ilikuwa mashine ya CNC, ya aina ile unayonunua vipande kwenye makasha ukaviunga mwenyewe nyumbani. Kompyuta inaongoza kichwa chake kutembea juu ya ubao, na kichwa kinazungusha biti inayochonga. Njia ya biti ni kazi ya kompyuta. Kasi ya kuzunguka inawekwa kwa mkono, kwa kinobu cheusi kilichofungwa kwenye ukanda wa chuma mbele ya meza. Kinobu kinatuma amri kwenye kisanduku cha mwendo kilichobanwa nyuma, chenye kioo kidogo cha namba. Mia nne ndiyo kasi ya mwisho.

Kando ya mashine walikuwa wamesimama mke na mume. Mke aliitwa Nakshi na kila mtu, kwa ajili ya michoro aliyochonga kwenye milango, na leo alikuwa na plasta shavuni, chini kidogo ya jicho. Mume alikuwa fundi umeme wa magari na aliitwa Betri. Wengine walisema ni kwa sababu ya kazi yake, wengine walisema ni kwa sababu akianza kuongea haishi chaji.

"Mama, karibu, karibu sana," Betri alianza. "Mimi sitaki kumsema mzee wa watu. Lakini ushahidi ninao. Tazama."

Alimpa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Siku tatu: Jumanne, Ijumaa, Jumatatu. Mbele ya kila siku: *Mjomba aliingia. Kasi ikapanda yenyewe.*

"Jumatatu ndiyo ya shavu?" Bi Tochi alimuuliza Nakshi.

"Ndiyo. Nimeweka mia mbili, nachonga ua. Mjomba yumo humu humu. Mara kichwa kikapiga kelele, ubao ukaanza kutoa moshi, biti ikakatika. Kipande kikanipata hapa." Aligusa plasta. "Daktari alisema kingepanda kidogo tu."

"Wewe Mjomba ulimwona anafanya nini?"

"Nilikuwa naangalia ua."

"Baada yake mashine ikawaje?"

"Akiondoka inapona! Hicho ndicho kinachoniumiza kichwa," Betri alidakia. "Nimefungua kila kitu. Kisanduku kizima. Mota nzima. Kinobu nimebadilisha mara mbili. Nikipima mimi, inatii kama mwanafunzi siku ya mtihani. Akiingia Mjomba, inapandwa na wazimu. Mashine inamwogopa Mjomba!"

"Hii ni orodha ya siku mbaya," Bi Tochi alisema, akikigeuza kipande cha boksi kuona kama kuna kitu nyuma. "Iko wapi ya siku nzuri?"

"Siku nzuri nani anaziandika, mama?"

"Ndiyo shida ya orodha za namna hii. Nakshi, hakuna siku Mjomba alikuja na mashine ikatulia?"

Nakshi alifikiri. Betri alifungua mdomo, Bi Tochi akammulika tochi usoni, akaufunga.

"Alhamisi," Nakshi alisema taratibu. "Alhamisi alikuja akakaa kwenye kigoda kile pale, akanywa chai, akanitazama nikichonga mpaka mwisho. Haikutokea kitu. Alikuwa amejikata, mkono umefungwa kitambaa."

"Siku hiyo aliona haya," Betri alisema.

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

Bi Tochi aliandika maneno mawili kwenye kijitabu chake: *Alhamisi. Mkono.* Akayapigia mstari.

"Ushahidi mwingine?"

Betri alikuwa amelisubiri swali hilo. Alitoa mfukoni kipande cha waya wa buluu, urefu wa shubiri moja. "Huu nimeukuta kwenye kopo lake, kule kwenye benchi lake. Ni waya wa mashine hii hii. Rangi hii haimo kwenye kitu kingine chochote humu. Ameukata wapi, na kwa nini ameuficha?"

Mama Mkubwa alijikohoza mlangoni. Waya huo ndio uliomfanya anunue komeo.

Bi Tochi aliupokea, akamulika ncha zake moja baada ya nyingine, akauweka kwenye mfuko wa shati lake na kufunga kifungo.

"Msiguse kitu," alisema. "Nakwenda kumsikiliza mwizi wa waya."

*

Mjomba alikuwa kibarazani, amekaa kwenye benchi, anasugua mguu wa kiti kwa msasa. Alikuwa mtu mwembamba, mvi zimechanganyika na vumbi la mbao hadi hujui kipi ni kipi. Hakuacha kusugua.

"Dada amekuleta unikague?"

"Nikague mashine. Wewe nakusalimu tu. Shikamoo hatupeani, tumelingana."

"Tumelingana, mimi mweusi zaidi." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamfia. "Yule mtoto nilimbeba mgongoni. Leo naambiwa nimetaka kumtoa jicho."

"Nasikia ulisema mashine itupwe."

"Nilisema. Mbele ya watu, na chai mkononi. Hata redio ya dada yangu nilisema itupwe, mwaka wa kumi huu bado inalia."

"Unaichukia?"

"Nachukia kelele zake. Kazi yake nzuri. Usimwambie."

"Ukiingia mle ndani, unafanya nini? Niambie kama unavyomwambia kipofu. Mguu kwa mguu."

Mjomba alishusha msasa. "Naingia. Namsalimu mpwa wangu. Haitiki, kelele. Natazama ua lake. Kisha napanga."

"Unapanga nini?"

"Vilivyotupwatupwa."

"Vipi hivyo?"

"Nitajuaje? Chochote. Bisibisi, penseli, kikombe. Mtoto hodari lakini anaacha vitu kama kuku anavyoacha manyoya. Mkono wangu unaokota wenyewe. Ukiniuliza jioni nimeokota nini, sijui. Wewe unakumbuka umepepesa macho mara ngapi leo?"

"Alhamisi, ulipojikata?"

"Alhamisi sikupanga. Nilikaa kwenye kigoda nikaumia."

"Kidole?"

"Macho."

Bi Tochi alitoa waya wa buluu. Mjomba aliutazama bila kushtuka, kama mtu anayeonyeshwa kijiko cha nyumbani kwake.

"Huo wa kwenye kopo langu. Niliuokota sakafuni siku walipokuwa wanaiunga ile mashine. Miezi saba sasa. Betri akikata waya, vipande vinanyesha. Vifupi nikatupa. Huu ulikuwa na urefu wa kufaa, nikaweka."

"Kufaa nini?"

"Bado hakijatokea."

Bi Tochi aliusogeza waya kwenye mwanga. Shaba ya ncha zote mbili ilikuwa imefifia, kahawia kama chai ya jana. Waya uliokatwa wiki hii ungekuwa na mng'ao bado. Hilo lilimwondolea Mjomba mkasi mkononi. Halikueleza kwa nini mashine inapiga kelele akiingia, na kikao kitauliza hilo hilo.

"Mjomba, tembea na dada yako mpaka dukani pale kwenye kona. Ninunulieni kibiriti."

"Unavuta sigara?"

"Sivuti. Tembeeni polepole."

*

Kabla ya kuwasha chochote alichomoa plagi, akasubiri kioo cha kisanduku kizimike kabisa, akaitoa biti kichwani na kuiweka mbali dirishani. Kichwa kikizunguka kitupu hakina cha kumrushia mtu.

"Yuko wapi Mjomba?" aliuliza.

"Nimemwona anapinda kona na Mama Mkubwa," Nakshi alijibu kutoka dirishani.

"Mfukoni ana nini?" Betri aliuliza. "Siku hizi kuna vidude vya kuendeshea vitu kwa mbali, mama."

"Ana kalamu ya risasi na kipande cha msasa. Chomeka plagi."

Alishusha kinobu mpaka mwisho wa chini, pale ambapo kichwa hakitakiwi hata kuzunguka. Akabonyeza kitufe cha kuwasha.

Kichwa kililia. Kililia kama nyigu aliyefungiwa kwenye chupa, kikapanda, kikazidi kupanda, na namba kwenye kioo zikakimbia: mia, mia mbili, mia tatu, zikasimama kwenye mia tatu sitini na moja. Nakshi alirudi nyuma hadi akagusa ukuta, mkono shavuni. Bi Tochi hakurudi. Alizungusha kinobu juu, pole pole, mpaka mwisho. Namba zikapanda hadi mia nne. Akakishusha tena. Mia tatu sitini na moja. Akasimamisha kichwa, plagi akaiacha imechomekwa.

"Mjomba yuko dukani," alisema.

Betri alitazama mlangoni. Kwa mara ya kwanza chaji ilikuwa imekata.

"Kinobu hakijafa," Bi Tochi aliendelea. "Kinapanda, ila hakishuki. Kinasikia kwa sikio moja. Nipe mita yako."

Alifungua kifuniko nyuma ya kinobu na kugusisha ncha moja ya mita kwenye mguu wa katikati, ule unaopeleka amri. Ya pili akaipeleka nyuma, kwenye skrubu ya kisanduku inayohesabiwa kuwa sifuri. Mita ilisoma volti tisa. Kinobu kiko chini kabisa, ilitakiwa isome sifuri, au karibu. Amri iliyokuwa inatoka kwenye kinobu ilikuwa *kimbia*, na kisanduku kilikuwa kinatii.

"Kwa hiyo kisanduku kizima," Betri alisema. "Na kinobu kipya. Sasa?"

"Sasa Nakshi afanye kazi."

"Mimi?"

"Ndiyo. Biti hakuna. Andaa kama unavyoandaa asubuhi, usiruke kitu, usinionyeshe kitu. Jifanye sipo."

Nakshi alisita, kisha mwili wake ukakumbuka wenyewe. Alifagia meza kwa brashi. Aliweka ubao, akaubana kwa vibanio vinne vya pembeni. Alivuta kompyuta karibu. Alinyoosha kebo ya mota isije ikanaswa. Akageuka, akaenda ukutani, akatoa klampu moja ya chuma kwenye msumari wake, akarudi na kuikaza kwenye ukingo wa mbele wa meza, kando ya kinobu. Kisha akavaa miwani.

"Tayari."

"Hiyo klampu inabana nini?"

Nakshi aliitazama kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeiweka. "Hakuna kitu. Yaani, ukanda huu wa mbele siku hizi unatetemeka. Nikiubana na meza unatulia."

"Siku hizi tangu lini?"

"Tangu tuipake rangi. Wiki tatu."

"Washa."

Aliwasha. Kichwa hakikuzunguka. Kioo kilisoma sifuri. Bi Tochi alipandisha kinobu hadi nusu, kichwa kikaimba taratibu, kioo kikasoma mia mbili, kikabaki pale.

"Si nilikwambia!" Betri alisema. "Hayupo, imetulia!"

"Dakika mbili zilizopita pia hakuwepo, ikalia."

Betri alikuna kichwa. Kisha sauti za watu zilisikika uwanjani, na Bi Tochi akainua kidole. "Msizime. Msiseme neno. Mwacheni aingie."

Mama Mkubwa aliingia kwanza, na kibiriti. Mjomba akafuata. Alimwamkia mpwa wake kwa kichwa, Nakshi akaitikia kwa kichwa. Mjomba alisogea akatazama ubao, akaona hakuna ua, akashangaa kidogo. Macho yake yakatembea juu ya meza. Yakafika kwenye ukingo wa mbele. Hapo palikuwa na klampu imekaa peke yake, haikubana kazi yoyote, imeachwa.

Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe. Mizunguko mitatu ya parafujo, klampu ikatoka. Alikuwa amekwisha kugeuka kuelekea ukutani wakati kichwa kilipopiga ukelele nyuma yake.

Mia tatu themanini.

"Mmeona!" Betri alipaza sauti juu ya kelele. "Mmeona wenyewe! Mama Mkubwa, umeona!"

"Nimeona," Bi Tochi alisema. "Mjomba, hebu irudishe."

"Nini?"

"Ulichoshika mkononi."

Mjomba aliitazama klampu kama mtu aliyejikuta ameshika mtoto wa mwenzake. Aliirudisha ukingoni, akaikaza. Kichwa kikashuka. Mia mbili.

"Itoe."

Mia tatu themanini.

"Irudishe."

Mia mbili.

"Sasa zima, Nakshi, tusije tukawapasua majirani masikio." Nakshi akazima. Mama Mkubwa aliweka kibiriti mezani, na hakuna aliyekikumbuka tena.

*

"Ukimtazama Mjomba, unaona mtu," Bi Tochi alisema. "Mimi nilitazama mkono. Siku tatu alipanga, mashine ikalia. Alhamisi mkono ulifungwa, hakupanga, ikatulia. Akiondoka, Nakshi anaikosa klampu yake, anairudisha, inapona. Wewe Betri ukija kupima unakuta klampu ipo, kwa hiyo huoni ugonjwa. Leo asubuhi Mjomba aliingia humu?"

"Aliingia kuchukua mguu wa kiti," Mama Mkubwa alijibu. "Nilikuwa naye. Alipangapanga."

"Nikakuta ukuta umejaa na meza tupu. Swali lililobaki ni moja. Klampu ni chuma cha kukazia mbao. Kwa nini mashine inaihitaji?"

Alipiga magoti, akamulika chini ya ukingo wa mbele. Pale klampu ilipozoea kuuma, rangi ya kijani ilikuwa imekwanguka sehemu mbili, doa moja kwenye ukanda wa kinobu na doa moja kwenye meza, na chuma kikang'aa.

"Betri, chuchumaa hapa. Kati ya ukanda huu na meza kuna nini?"

"Raba, mama. Na bolti zake zimepita ndani ya raba. Zilikuwa kwenye gari lililokufa, nikazileta mwenyewe tulipoipaka rangi. Kupunguza kelele." Aliongeza kwa sauti ndogo, "Mjomba alikuwa analalamika."

"Asante," Mjomba alisema kutoka nyuma.

"Kinobu kina miguu mingapi?"

"Mitatu."

"Nyaya zinazotoka kwenye kinobu kwenda kwenye kisanduku?"

"Mbili. Nyekundu inaleta volti kumi, nyeupe inapeleka amri."

"Na mguu wa tatu?"

"Huo ni wa chini, negativu. Nimeushika na skrubu kwenye bodi, chuma cha mashine chenyewe, hapo hapo, na kule nyuma sifuri ya kisanduku nimeishika kwenye bodi pia. Kuna haja gani ya kuvuta waya mzima? Chuma si kipo? Kwenye gari taa ya nyuma ina waya mmoja tu wa kuleta moto, unarudi kwa bodi. Miaka kumi na tisa nafunga hivyo."

"Na miezi sita ilifanya kazi vizuri."

"Vizuri kabisa!"

"Mpaka mkaweka raba." Bi Tochi aliegemea mguu wa meza na kuzima tochi. "Nisaidie mimi mjinga wa magari. Injini inakaa juu ya nini?"

"Juu ya raba, injini maunti, ili isitetemeshe..."

"Na raba haipitishi umeme."

"Haipitishi."

"Sasa injini inashikwaje na bodi, mpaka stata ikapata kuizungusha?"

"Ah, hiyo kuna waya mnene wa kusuka, unatoka kwenye injini unakwenda kwenye bodi. Lazima uwepo. Ukikatika huo, gari linaleta maajabu yote ya dunia, na watu wanabadilisha vifaa vizima bure, mimi nikiletewa gari la namna hiyo kitu cha kwanza naangalia..."

Alitazama ukanda. Alitazama raba zake. Alitazama klampu ya chuma, ambayo ilikuwa imeuma pande zote mbili za raba na kukaa pale wiki tatu kama waya mnene wa kusuka. Alikaa chini sakafuni, polepole, kama gari linaloishiwa upepo.

"Vinobu viwili," alisema. "Nimebadilisha vinobu viwili."

"Vizima," Bi Tochi alisema.

Aliwaeleza Mama Mkubwa na Nakshi kwa maneno ya kawaida. Kinobu ni bomba lenye mlango wa juu na mlango wa chini, na amri inachotwa katikati. Ukiuziba mlango wa chini, maji hayana pa kushukia, unachota mengi hata ukifunga. Mlango wa chini wa kinobu hiki ulikuwa bodi ya mashine. Raba ikauziba, klampu ikaufungua, Mjomba akaipeleka klampu ukutani.

"Kwa hiyo ni mimi," Mjomba alisema. Alikuwa ameshika bisibisi aliyoiokota hakuna aliyeona wapi. "Ni mkono huu uliompasua shavu."

"Mkono huo ulitoa klampu isiyobana kitu. Klampu ikiwa kazi yake ni waya, mtu akwambie. Hakukwambia mtu kwa sababu hakujua mtu. Wewe ulikuwa unapanga karakana kama ulivyoipanga miaka thelathini na minne."

"Na waya wa buluu?" Mama Mkubwa aliuliza. Alikuwa hajausahau. "Alioukata?"

Bi Tochi alivuta kebo ya kijivu iliyotoka kwenye kinobu. Mwisho wake, pale nyaya mbili zilipochomoza, ulikuwa umezungushiwa utepe mweusi, na ncha ya utepe imekunjwa kidogo ili iwe rahisi kuishika siku ya kuubandua.

"Nani anakunja hivi?"

"Mimi," Betri alisema kutoka sakafuni.

Aliubandua. Ndani, kati ya nyekundu na nyeupe, kilijificha kisiki cha waya wa tatu, kimekatwa pale pale kwenye ganda. Cha buluu.

"Kebo ilikuja na nyaya tatu," Betri alisema. "Nikaona mmoja umezidi. Huo waya nimeukata mimi, siku ya kwanza. Nilikuwa nimesahau kabisa. Mungu wangu. Nimemshtaki mzee kwa waya nilioukata mwenyewe."

"Mwisho wa pili wa kebo uko kwenye kisanduku. Huko pia umeukata?"

"Huko nimeukunja tu, nikaufunga utepe."

"Basi dakika kumi. Washa kifaa chako cha kulehemu."

Alifungua kifungo cha shati na kumpa waya wa buluu. Betri aliuelewa bila kuambiwa. Alikwangua ncha zake hadi shaba ikang'aa, akauunga na kisiki, akaufikisha kwenye mguu wa tatu wa kinobu, na nyuma akaufunga wa buluu kwenye skrubu ya sifuri ya kisanduku. Nyaya alizozishika kwenye bodi akazitoa, zote mbili, na mara hii vipande havikunyesha sakafuni. Aliviweka mfukoni, akimtazama Mjomba kwa pembeni.

Plagi ikachomekwa. Klampu zote zilikuwa ukutani. Bi Tochi alimwita Mjomba.

"Zungusha wewe."

"Mimi?"

"Si inakuogopa? Tuone."

Mjomba alijifuta kidole kwenye suruali, akashika kinobu. Sifuri. Akakipandisha. Hamsini. Mia. Mia mbili, na ikabaki mia mbili kama jiwe. Akakishusha hadi sifuri, kichwa kikanyamaza. Akakipandisha tena, bila kuambiwa, na safari hii alikuwa anatabasamu.

"Kelele bado," alisema.

Nakshi alicheka, kisha akashika plasta maana kicheko kiliivuta. "Mjomba, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Shavu ni lako." Alimgusa kichwani kama mtoto. "Ila ukiona nakaribia meza yako, nipige kofi mkononi."

Betri alisimama mbele ya Mjomba, akizungusha utepe mweusi kidoleni. Mama Mkubwa alimwokoa. Alimpa nyundo.

"Komeo," alisema. "Ling'oe. Na nisisikie tena mtu ameuomba ufunguo wa mdogo wangu. Kikao cha saa kumi kipo pale pale, tutakunywa chai, na wewe ndiye utakayeipika."

Ilipofika saa tisa na dakika ishirini misumari ya komeo ilikuwa inalia ikitoka mlangoni. Bi Tochi aliwaaga, akakataa kusindikizwa, akavuka uwanja. Alikuwa amefika getini alipopapasa mfuko. Tochi haikuwamo.

Alirudi. Karakana ilikuwa tupu isipokuwa mtu mmoja, amesimama mbele ya ukuta. Tochi yake ilikuwa imening'inia kwenye msumari mpya, kati ya nyundo na msumeno mdogo, na Mjomba alikuwa anamalizia kuizungushia mstari wa penseli.

"Ulikuwa umeitupa mezani," alisema bila kugeuka. "Chukua. Ila siku ukirudi, ujue mahali pake."